Jinsi ya Kuulinda Udogo wa Mfumo Endeshi Watumiaji Wanapodai Zaidi

Kabla hujajibu ombi la kwanza la kipengele kipya, andika kwa sentensi mbili au tatu mfumo wako ni wa nani, unafanya nini, na nini hautafanya kamwe. Profesa Andrew Tanenbaum alipoitoa MINIX, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, mwaka 1987, alikusudia mwanafunzi aweze kuusoma msimbo wake na kuuelewa; kwa hiyo maombi mengi yaliyofuata aliyakataa, hata yale yaliyokuwa mazuri, kwa kuwa yangeufanya mfumo usisomeke tena. Waliotaka zaidi walitafuta njia nyingine, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mtumiaji wa MINIX, alianza kuandika Linux. Kwa maoni yangu, kila mfumo ulibaki na kazi yake.

Ombi likifika, usiulize kwanza kama lina manufaa, maana karibu kila ombi humfaa aliyelileta. Muulize alikuwa akifanya nini alipokwama, kwa sababu mara nyingi watu huleta dawa waliyojichagulia bila kueleza ugonjwa. Ukishaujua ugonjwa, tafuta mahali pa kuutibia nje ya kiini, yaani sehemu ya ndani ya mfumo inayosimamia vifaa na programu zote. Anayetaka kiini kibane mafaili yachukue nafasi ndogo, kwa mfano, anatoshelezwa na programu ya kawaida inayosoma faili na kuandika jingine. Hata viendeshi vya vifaa, yaani programu zinazoongoza vifaa kama printa, vinaweza kutolewa nje: katika MINIX 3, iliyotoka mwaka 2005, kiendeshi ni mchakato unaojitegemea, na kikianguka huweza kuwashwa upya bila mfumo mzima kuzimika.

Ugumu hasa uko kwenye miito ya mfumo, yaani maombi ya huduma ambayo programu hukipelekea kiini. Programu iliyoandikwa vibaya unaweza kuibadilisha kesho, lakini mwito ukishatangazwa huwa ahadi, kwa kuwa programu usizozijua zitautegemea. Usiongeze mwito mpya mpaka uone angalau programu mbili zisizohusiana zinazouhitaji, na uwe umehakikisha kwamba miito iliyopo haiwezi kufanya kazi hiyo. Jihadhari pia na mwito mmoja wa kubeba kila kitu: ioctl, mwito wa kudhibiti vifaa katika mfumo endeshi wa Unix, ni mlango mmoja kwa jina tu, kwani nyuma yake zimerundikana amri nyingi ambazo kila kifaa kina zake.

Wengine hudhani kwamba suala linamalizwa kwa kukifanya kipengele kuwa chaguo la kuwashwa au kuzimwa. Machaguo 10 ya namna hiyo yanazaa michanganyiko 1,024, na sijui nani ataijaribu yote.

Unapokataa, kataa mapema, taja sababu, na umwonyeshe mhusika jinsi ya kukitunza kipengele chake kama kiraka cha pembeni, yaani mabadiliko ya msimbo anayoyaongeza mwenyewe nje ya mradi.

Kuondoa nako kuwe kazi ya kawaida. Mwaka 2012 wasanidi wa Linux waliufuta msimbo wa kuhudumia kichakataji cha zamani cha Intel 386, ingawa ndicho mfumo huo ulichoanza nacho. Tangaza katika toleo moja kwamba kipengele kitaondoka, kiondoe katika toleo linalofuata, na msimbo wa zamani uuache kwenye historia ya mradi kwa atakayeuhitaji.