Kupanga kitabu cha Kiswahili kwa EB Garamond

Wateja wangu wengi hapa Kisumu ni walimu waliostaafu na makanisa yanayoandika historia yao, na muswada huja ukiwa umechapwa kwa Times New Roman. Fonti hiyo ilianza kutumika 1932 katika gazeti la The Times la London, kwenye safu nyembamba. Gazetini ni sawa. Kwenye kitabu cha kurasa 200, mimi huiondoa na kuweka EB Garamond. Napanga kwa programu ya LibreOffice Writer. Fonti na programu, vyote viwili ni vya bure.

Hatua ya 1. Pakua fonti kutoka Google Fonts, fungua folda ya static, kisha sakinisha Regular, Italic na Medium. Medium, iliyo nene kidogo kuliko Regular, usiiache; utaihitaji Hatua ya 6.

Hatua ya 2. Ijaribu kwa Kiswahili kabla ya kupanga chochote. Claude Garamond, ambaye EB Garamond inafuata herufi zake, alizichonga Paris katika karne ya 16 kwa ajili ya Kilatini na Kifaransa, lugha ambazo k na w ni nadra. Sisi hatumalizi mstari bila hizo. Andika “wakwe wakawakaribisha kwa kuku”, printi kwa pointi 11, uangalie kama mguu wa k unaikanyaga herufi inayofuata. Mwandishi akiwa wa Nakuru mwenye majina ya Kikuyu, jaribu ĩ na ũ pia. Fonti isipokuwa nazo, programu huziazima kwingine na jina la mtu linatoka na kiraka. EB Garamond inazo.

Hatua ya 3. Karatasi A5, pambizo la ndani milimita 20, la nje 18, herufi pointi 11, mstari hadi mstari pointi 14. Utapata herufi kati ya 60 na 70 kwa mstari, na hapo jicho halipotei.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukinyoosha kingo zote mbili, neno kama “hawakutushirikisha” likikataa kuingia mwisho wa mstari huacha mapengo kama meno yaliyong’oka. Weka kishale kati ya silabi, ubonyeze Ctrl na alama ya kutoa: hawakutu-shirikisha. Kata baada ya irabu, na usitenganishe ng’, ny, sh, mb wala nd. Fanya hivi baada ya masahihisho yote kwisha, la sivyo utarudia.

Hatua ya 5. Muswada uliochapwa kwenye simu huwa na ng' ya alama iliyonyooka, mara nyingine hata `. Andika 2019 kisha Alt+X upate ’, uinakili, halafu ubadilishe zote kwa mkupuo. Majina kama Nyang’oma yatakushukuru.

Hatua ya 6. Toa PDF, uchapishe kurasa mbili kwenye karatasi na mashine ileile itakayochapa kitabu. Tazama e: kijimstari chake cha kati ndicho hutangulia kufifia wino ukiwa hafifu. Kikikatika, badilisha mtindo wa aya uwe EB Garamond Medium, kisha pitia upya miisho ya mistari, maana Medium ni pana kidogo.