Jinsi ya Kuonja na Kuupa Alama Mvinyo Mpya wa California

Mvinyo ukiitwa "mpya" huko California, uliza kwanza mpya wa lini. Sauvignon Blanc, ambayo ni nyeupe, iliyovunwa Agosti au Septemba huwa madukani ifikapo Machi au Aprili ya mwaka unaofuata. Chardonnay, nyeupe nyingine, ikilazwa kwenye pipa huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Cabernet Sauvignon, nyekundu ya bonde la Napa, ndiyo huchelewa zaidi, miaka miwili hadi mitatu na wakati mwingine zaidi ya hapo. Sanduku moja la sampuli laweza kubeba mavuno ya miaka mitatu tofauti, na yote yanaitwa mapya.

Kazi yangu ni kununua mvinyo kwa ajili ya duka, kwa hiyo kuonja ni shughuli ya kila mara. Utaratibu ninaoueleza hapa nauamini kuliko ulimi wangu, maana ulimi hudanganyika upesi mno.

Hatua ya 1: Panga kundi lenye mantiki

Chukua chupa 6 hadi 8 za zabibu ya aina moja, mwaka mmoja, bei zisizopishana sana. Zikizidi hapo kinywa huchoka na alama za mwisho huwa za kubahatisha. Nyeupe na nyekundu usizichanganye kundi moja. Ikikulazimu kuonja zote siku hiyo hiyo, tangulia na nyeupe. Kwenye nyekundu anza na Pinot Noir, fuata Zinfandel, malizia na Cabernet na Petite Sirah, ambazo ukakasi wake hubaki kwenye fizi muda mrefu.

Kwa anayeanza, kundi ninalolipendekeza ni Pinot Noir za Russian River Valley, Carneros na Sta. Rita Hills. Sehemu zote tatu hupozwa na Bahari ya Pasifiki, ila kila moja kwa njia yake. Russian River hupata ukungu unaopanda na mto kutoka pwani. Carneros hupigwa na upepo wa Ghuba ya San Pablo. Sta. Rita Hills, kule kaunti ya Santa Barbara, ina vilima vilivyolala mashariki-magharibi, wakati safu nyingi za milima ya pwani ya California zimelala kaskazini-kusini. Kwa hiyo bonde limeachwa wazi na baridi ya bahari huingia bila kizuizi. Mara nyingi utaikuta tofauti hiyo kwenye glasi: Russian River ni laini na ina cheri iliyoiva, Sta. Rita Hills ina uchachu unaokufanya umeze mate.

Hatua ya 2: Soma lebo, kisha ifichwe

Lebo ya California husema mengi kwa anayejua sheria zake. Jina la zabibu likiandikwa, angalau asilimia 75 ya mvinyo itokane na zabibu hiyo. Maana yake chupa iliyoandikwa Cabernet Sauvignon yaweza kuwa na robo nzima ya Merlot au kitu kingine, na hakuna aliyevunja sheria. Likitajwa eneo lililosajiliwa, kama Napa Valley, asilimia 85 ya zabibu zitoke humo, na asilimia 95 ziwe za mwaka ulioandikwa. Ikiandikwa "California" tu, zabibu zote lazima ziwe za jimbo hilo.

Kiwango cha kileo kisome kwa tahadhari. Kwa mvinyo unaozidi asilimia 14, sheria ya Marekani inaruhusu lebo ipishane na ukweli kwa pointi 1 nzima. Chupa ya 14.5 yaweza kuwa 15.5. Koo likiwaka moto kuliko lebo inavyosema, amini koo.

Andika mwaka pia, kisha kumbuka hali ya hewa. Mapema Septemba 2022 kulikuwa na wimbi la joto kali wakati zabibu nyingi nyekundu zikiwa bado shambani, hivyo chupa za mwaka huo hupishana sana kati ya waliovuna kabla na waliovuna baada. Mwaka 2023 ulikuwa na mvua nyingi za majira ya baridi, kiangazi cha ubaridi na mavuno yaliyochelewa. Nyekundu zake nyingi zina uchachu mzuri. Ukishajua hayo, ondoka chumbani.

Hatua ya 3: Funika chupa, na rudia moja kwa siri

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, usiharakishe.

Mtu mwingine azitie chupa kwenye mifuko ya khaki, aziandike namba, na ikiwezekana amimine akiwa chumba kingine. Mfuko peke yake hautoshi: chupa nzito yenye kitako kirefu huonekana hata ikifunikwa, na ubongo huanza kuiongezea alama kabla hujanusa. Mililita 50 kwa kila glasi zinatosha. Chupa ya mililita 750 itahudumia watu 15.

Kuonja bila kuona lebo ndiko kulikoitambulisha California duniani. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, waamuzi wa Kifaransa walionja hivyo mvinyo wa nchi mbili, wakaweka nafasi ya kwanza Chardonnay ya 1973 ya Chateau Montelena na Cabernet ya 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars. Wangeziona lebo, sidhani kama ingekuwa hivyo.

Lakini kufunika kunazuia lebo tu, hakukuzuii wewe. Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, aliwapima waamuzi wa mashindano ya maonyesho ya jimbo hilo kwa kuwapa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, bila wao kujua. Matokeo aliyoyachapisha 2008 yalionyesha kuwa ni karibu mwamuzi mmoja kati ya kumi tu aliyeurudishia mvinyo huo medali ya kundi lilelile. Hao ni watu wa kazi hiyo!

Kwa hiyo mwombe anayemimina arudie chupa moja mahali popote kwenye mstari, asikwambie ni ipi. Mwishoni tazama alama zako mbili za chupa hiyo. Zikipishana kwa pointi 3 au chini katika kipimo cha 100, endelea. Zikipishana kwa 6, karatasi ya siku hiyo itupe, urudie ukiwa umepumzika. Watu hawapendi sharti hili, nami silipunguzi.

Joto la mvinyo nalo: nyeupe ziwe kati ya nyuzi 8 na 12, nyekundu 15 hadi 18. Chardonnay itoe kwenye friji nusu saa kabla. Nyekundu iliyokaa kwenye chumba cha nyuzi 25 iingize kwenye friji nusu saa hiyo hiyo, la sivyo kileo kitafunika kila kitu.

Hatua ya 4: Tazama, lakini usikae hapo

Sekunde kumi. Tafuta ukungu usiotarajiwa, au rangi ya kahawia kwenye mvinyo mchanga, dalili kwamba hewa imeingia. Michirizi inayoteremka kwenye glasi hueleza kileo. Haihusiani na ubora.

Hatua ya 5: Nusa mara mbili

Mara ya kwanza nusa kabla ya kutikisa glasi, ukitafuta kasoro. Harufu ya kadibodi iliyoloa ni ya kizibo kilichoharibika: chupa iwekwe pembeni, ifunguliwe nyingine, na ile isipewe alama kabisa kwa kuwa mtengenezaji hakukusudia uonje hicho. Siki, au dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni kazi ya bakteria. Zizi la farasi ni chachu iitwayo Brettanomyces. Wapo wanaoipenda ikiwa kidogo, mimi kwenye mvinyo mchanga naipunguzia alama. Kiberiti kilichowashwa sasa hivi, au yai viza, mara nyingi ni mvinyo uliokosa hewa. Tikisa, subiri dakika kadhaa, nusa tena kabla ya kuhukumu.

Sasa tikisa, nusa mara ya pili, na utaje unachokipata kwa majina ya vitu ulivyowahi kuvishika. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyetengeneza gurudumu la harufu za mvinyo miaka ya 1980, alisisitiza hilo: neno lisimamie kitu halisi kinachoweza kuwekwa kwenye glasi na kunuswa. Kama hujawahi kula beri nyeusi za Marekani, usiziandike. Sauvignon Blanc ina balungi, pera na pilipili hoho mbichi. Zinfandel ya Lodi ina forsadi na zabibu kavu. Cabernet ya Napa naikuta na zambarau zilizoiva hadi kupasuka.

Kwenye pipa, msomaji wa pwani ana nafasi nzuri kuliko wengi. Mwaloni uliochomwa ndani hutoa eujenoli, kemikali ileile iliyomo kwenye karafuu, na mwaloni wa Marekani hutoa harufu ya nazi kuliko ule wa Ufaransa. Aliyekulia Pemba au Tanga atazipata hizo kabla sijamaliza kumimina. Harufu ya siagi kwenye Chardonnay haitoki kwenye mti: bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, na katika kazi hiyo huzalisha daiasetili, kemikali yenye harufu hiyo ya siagi.

Hatua ya 6: Kinywani

Vuta kiasi cha kijiko, kizungushe hadi nyuma ya fizi, vuta hewa kidogo kati ya midomo, kisha tema. Ndiyo, tema, kila mara. Na hata ukitema, kileo kidogo huingia mwilini. Gari aendeshe mwingine.

Sikiliza kwa mpangilio: utamu, uchachu, ukakasi, joto la kileo, halafu urefu, yaani sekunde ambazo ladha inabaki baada ya kutema. Ukakasi uupime aina yake pamoja na wingi wake. Kwenye Cabernet nzuri bado mchanga, ulimi hukauka kama umeng'ata bibo, lakini ukavu huo ni laini na matunda yanabaki juu yake. Ukibaki ukavu mtupu, mvinyo huo hautapona kwa kuwekwa miaka.

Baada ya kutema, subiri. Moshi wa mioto ya porini hujitokeza hapo. Kemikali za moshi hujifunga na sukari ndani ya zabibu na kukosa harufu, kisha mate huzifungua kinywani, na unabaki na jivu la sigara kooni. Baada ya moto wa porini ulioitwa Glass, ulioanza 27 Septemba 2020, baadhi ya watengenezaji wa Napa waliamua kutotoa nyekundu ya mwaka huo kabisa. Popote palipoungua wakati wa mavuno, usiandike alama kabla ya nusu dakika kupita.

Hatua ya 7: Andika kabla ya mtu kusema neno

Mezani pawe kimya mpaka kila mmoja aandike. Akitamka mmoja "nanasi", wote watalinusa nanasi.

Davis walikuwa na kipimo cha pointi 20, kilichofaa sana kunasa kasoro. Kwa mvinyo wa sasa, ambao kasoro ni chache, natumia kile cha 100 alichokieneza mhakiki wa mvinyo Mmarekani, Robert Parker: kila mvinyo huanza na 50, rangi hadi 5, harufu hadi 15, ladha na mwisho wake hadi 20, ubora wa jumla na uwezo wa kukaa hadi 10. Maelezo yangu huwa hivi:

"Namba 4, Chardonnay. Ikiwa baridi: ndimu, basi. Dakika 15 baadaye: siagi, nazi, nanasi lililoiva mno. Nzito, uchachu haba, mwishoni uchungu wa mti. 50+5+10+14+5 = 84."

Anayesoma ataona alama zilipopotelea: pipa limeishinda zabibu, na joto la chumba limeifichua. Namba 84 peke yake isingemwambia hivyo.

Jihadhari na kitu kimoja. Kati ya glasi nane, ile yenye kileo kingi na tunda lililoiva kupita kiasi ndiyo hupiga kelele, na hupata 93 kirahisi. Kabla ya kufunga karatasi, peleka mvinyo ulioshika nafasi ya kwanza na ule wa nafasi ya nne kwenye chakula, hata pilau ya ng'ombe. Nikiimaliza glasi ya nafasi ya nne na kuiacha ya kwanza nusu, pointi za ubora wa jumla nazirekebisha.

Hatua ya 8: Fungua mifuko, kisha onja tena kesho

Linganisha bei na alama baada ya kuandika, na usibadilishe kitu kwa sababu ya jina uliloliona. Chupa zilizobaki nusu zizibe, zikae kwenye friji, uzionje kesho yake zikiwa na namba zilezile. Nyeupe iliyolegea usiku mmoja inywewe mwaka huu. Cabernet iliyofunguka na kupata harufu zaidi iongezee pointi za uwezo wa kukaa, na uandike alama zote mbili pamoja na tarehe zake.