Kitendawili kitume bila jibu
Kwa wenye wajukuu Uingereza: badala ya kuwarekodia hadithi ndefu, tuma kitendawili kimoja kwa sauti ukiwa hapa Mombasa, kisha nyamaza. Sema "Kitendawili!" peke yake. Mtoto asipojibu "Tega!" kwa sauti yake, usiendelee. Akijibu, mtegee: "Kuku wangu katagia miibani." Akishindwa, akupe mji, Lamu au Malindi, nawe umsimulie ulivyopokelewa huko na ulivyokula, ndipo umpe jibu: nanasi. Hadithi mtoto huisikiliza kimya, hata kuiacha njiani. Kitendawili hakiendi bila yeye kufungua kinywa, na akitaja mji ameshaanza kuijua pwani yake. Wangu sasa wananitegea mimi, nami nafurahi mno.

Tuma saa kumi na mbili jioni. Kwao ni saa tisa au saa kumi, kulingana na majira.

Hakifai mzazi akikimbilia kutafsiri. Wala kwa kitu ambacho mtoto hajapata kukiona: aliyezoea nanasi la kopo hawezi kuijua hiyo miiba. Hapo mtumie kwanza picha ya nanasi likiwa shambani, kitendawili kifuate baada ya siku mbili tatu.