Kompyuta ya sebuleni: gawa RAM iwe vipande viwili

Wakuu wa Mwanza mnaochukua zile desktop za ofisi zilizotumika muunge kwenye TV ya sebuleni, kabla hujawaza kununua kadi ya grafiki fungua kava uone RAM (memori ya muda ya mashine) imekaaje, nyingi zinakuja na kipande kimoja cha GB 8, badilisha uweke viwili vya GB 4 au kama hela ipo ongeza cha pili kinachofanana nacho. Grafiki ya ndani ya Intel, ile iliyomo kwenye prosesa yenyewe, haina memori yake, inakopa RAM ya mashine, sasa ukiwa na RAM aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400 kipande kimoja kinapitisha kama GB 19 kwa sekunde na viwili vinafika 38, kwa hiyo gemu nyepesi za mpira zinalainika kabisa. Kama slot za kuchomekea RAM ziko nne, mara nyingi jozi ya kuweka vile viwili ni zenye rangi moja. Ila ukishafunga kadi ya grafiki utofauti hauuoni sana, na kama kinachokwama ni muvi za 4K za HEVC (aina ya kubana video) za biti 10 RAM haikusaidii, hapo tafuta prosesa ya Intel kizazi cha 7 kwenda juu. Na vile vikompyuta vidogo kabisa vinatumia RAM za laptop, usikosee dukani.