Kutunza sampuli za utafiti kwenye friza ya maabara, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mafundi sanifu wa maabara za biolojia vyuoni, hasa waliokabidhiwa friza inayotumiwa na watafiti wengi. Mwanafunzi akihitimu huondoka, sampuli hubaki. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtu ambaye hakuwahi kumwona mkusanyaji anaweza kuzitumia bila kubahatisha.

1. Kaa na mtafiti kabla hajaenda kukusanya

Muulize atapima nini, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua mengine yote. Akitaka DNA, kipande kidogo cha tishu ndani ya ethanoli ya asilimia 95 kinamtosha. Akitaka RNA, yaani nakala za jeni ambazo seli inazitumia wakati huo, mambo hubadilika: huharibika upesi, na vimeng'enya vinavyoikata vimo hata kwenye ngozi ya vidole vyetu. Avae glavu, na tishu igandishwe papo hapo kwa naitrojeni kimiminika au ilowekwe kwenye myeyusho maalumu wa kuihifadhi. Fomalini huhifadhi vizuri umbo la tishu kwa ajili ya hadubini, lakini huiharibu DNA.

Hapohapo omba nakala za vibali vyake. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, inayotumika tangu 2014, inagusa sampuli nyingi zinazovuka mipaka ya nchi, na sampuli isiyo na karatasi zake inaweza kukwamisha uchapishaji wa kazi nzuri.

2. Toa msimbo kabla kichupa hakijajazwa

Kila kichupa kiwe na msimbo wake usiojirudia. "Sampuli 1" haifai, kwani kila mtu anayo. Tumia lebo zinazostahimili baridi kali. Utepe wa kawaida hubanduka, na wino wa kalamu nyingi hufutwa na ethanoli. Andika ubavuni na juu ya kifuniko. Kwa vichupa vya ethanoli, tumbukiza pia ndani kipande cha karatasi imara kilichoandikwa kwa penseli: penseli haiyeyuki. Jina la mgonjwa lisionekane kamwe kwenye kichupa.

3. Gawa, ndipo ugandishe

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena hukatakata DNA, hudhoofisha protini na kuua seli. Gawa sampuli katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, na kimoja kiwe cha akiba kisichoguswa.

DNA iliyokwisha kutolewa hukaa vizuri kwenye bafa ya TE (myeyusho unaodumisha kiwango cha asidi), kwa kuwa kemikali ya EDTA iliyomo hushika magnesiamu ambayo vimeng'enya haribifu huihitaji. Bakteria changanya na gliseroli, ifikie asilimia 15 hadi 25, kisha weka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Seli za wanyama hutaka subira: tia DMSO, kimiminika kinachokinga seli dhidi ya barafu, asilimia 10, shusha joto kwa takriban nyuzi 1 kila dakika, kisha zihamishie kwenye tangi la naitrojeni kimiminika. Wakati wa kuzifufua fanya kinyume: haraka, kwenye maji ya nyuzi 37.

4. Chora ramani

Kisanduku cha 9 kwa 9 kina nafasi 81. Kwenye jedwali moja la pamoja andika msimbo, tarehe, mkusanyaji, friza, rafu, kisanduku na nafasi. Anayetoa kichupa aandike siku hiyohiyo. Nakala ya jedwali ikae nje ya maabara.

5. Itunze friza yenyewe

Friza inayojiyeyushia barafu haifai kwa sampuli wala vimeng'enya, kwa sababu hupasha joto kila mara. Kwangua barafu mlangoni, safisha vumbi la kichujio, na kengele ya tahadhari ipige simu ya mtu aliye zamu. Acha nafasi tupu kwenye friza nyingine, na ujue mapema utapata wapi barafu kavu (kabonidayoksaidi iliyogandishwa).

Kuhusu naitrojeni sina mzaha: lita 1 ikigeuka gesi hufikia karibu lita 700, nayo huifukuza oksijeni bila harufu yoyote. Chumba kiwe na kipima oksijeni, na mtu asipande lifti pamoja na tangi.

6. Pitia friza na anayeondoka

Fanyeni hivyo yeye, wewe na msimamizi wake, mkiwa na jedwali mkononi. Amueni kipi kinabaki na nani anakuwa mmiliki wake. Vya kutupwa vyenye vijidudu hupita kwenye otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzi 121; vyenye ethanoli visiingie humo, bali viende kwenye taka za kemikali. Mistari yake kwenye jedwali usiifute. Andika "imeteketezwa", tarehe, na jina la aliyeidhinisha.