Jinsi ya Kusafiri kwa Basi Kutoka Stendi ya Magufuli Msimu wa Desemba

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Desemba, Stendi ya Mabasi ya Magufuli iliyopo Mbezi Luis jijini Dar es Salaam hufurika wafanyakazi waliopata likizo, wanafunzi waliofunga shule, akina mama wenye mabegi matatu na mtoto mgongoni, na zaidi ya wote watu wa Kilimanjaro, ambao kwao kula Krismasi nyumbani ni wajibu wa ukoo kabla ya kuwa mapumziko. Stendi hiyo ilizinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, nayo ni kubwa na ya kisasa kuliko iliyotangulia; hata hivyo ukubwa wake haukuondoa kero, bali umezipa nafasi zaidi ya kutembea.

Mwongozo huu unamlenga abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi, ingawa anayekwenda Mbeya, Singida au Mwanza atakuta mengi ni yale yale. Msingi wake ni kwamba maamuzi yote yafanyike kabla ya kufika getini, kwa sababu karibu kila usumbufu wa stendi humwangukia mtu ambaye bado hajajua anapanda basi gani, kwa shilingi ngapi na saa ngapi.

Tiketi

Kata tiketi mapema kadiri mfuko unavyoruhusu, na kwa tarehe za kuanzia 18 hadi 24 Desemba usisubiri Desemba yenyewe ifike. Nunua kwa njia ya simu au mtandao wa kampuni husika, au nenda ofisini kwao. Usinunue kwa mtu aliyesimama kwenye korido akiwa na kitabu cha risiti na kalamu, hata kama amevaa fulana yenye jina la basi unalolitafuta. Fulana hushonwa popote. Tiketi inayofaa ina jina lako kamili, tarehe, kituo cha kupandia na cha kushukia, namba ya siti, nauli uliyolipa na jina la kampuni. Ikiwa imetajwa pia namba ya usajili wa gari, ni bora zaidi.

Nauli usiikadirie kwa kusikia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, hupanga kiwango cha juu ambacho basi linaruhusiwa kutoza kwa kila kilomita. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kawaida liliruhusiwa kutoza shilingi 48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560, kwa hiyo hesabu hiyo ilitoa nauli ya kama shilingi 27,000 kwa basi la kawaida na kama shilingi 38,000 kwa la kati. Viwango hubadilika, hivyo tafuta vya sasa kabla ya kulipa, kisha vikariri. Wakala anayekutajia bei ya sikukuu hupunguza sauti mara moja anaposikia abiria akiuliza, kwa upole, kama hilo ni basi la daraja la kati au la kawaida.

Jambo la pili la kukagua ni saa, na hapa wameachwa watu wengi wenye akili timamu. Baadhi ya tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, nyingine huandika tunavyosema kila siku. Tiketi iliyoandikwa 06:00 kwa kawaida ina maana ya saa kumi na mbili asubuhi, lakini tiketi iliyoandikwa 11:00 inaweza kuwa saa kumi na moja alfajiri au saa tano asubuhi, kutegemea aliyeijaza. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, utata huo umeongezeka, kwa sababu sasa basi la saa kumi na moja jioni nalo lipo. Piga simu ofisini na uulize kwa maneno: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Tena uliza saa ya kuripoti, ambayo huwa nusu saa au zaidi kabla ya ile ya kuondoka.

Siti nayo ichaguliwe kwa kufikiri. Basi linaloondoka alfajiri kwenda Moshi huelekea kaskazini baada ya Chalinze, hivyo jua la asubuhi huwapiga walio upande wa kulia, yaani upande wa dereva. Ikifika saa saba mchana jua linahamia kushoto, na hilo la mchana ndilo kali, hasa kwenye tambarare za Same. Mimi huwashauri watu wachague kulia. Watavumilia jua la asubuhi ambalo bado ni pole, halafu kuanzia Korogwe na Mombo watapata kivuli pamoja na milima ya Usambara na ya Upare ikiwa dirishani kwao. Epuka siti iliyo juu ya tairi, kwa sababu miguu hukosa pa kukaa, na epuka ile safu ya nyuma kabisa, ambako kila tuta huhesabiwa kwa uti wa mgongo. Kama hupendi muziki wa nguvu, usikae chini ya spika.

Mzigo

Funga mzigo mmoja mkubwa wa kwenda kwenye buti na begi moja dogo la kukaa nalo. Abiria mwenye vitu vitano vidogo huhesabu vitano kila gari linaposimama, na hakosi siku ya kuhesabu vinne. Andika jina lako na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi ngumu ukitumbukize ndani ya begi, kingine ukifunge nje, kisha lipige picha begi lenyewe. Mabegi meusi yenye magurudumu yanafanana mno, na anayeshuka Korogwe saa tano hana muda wa kusoma majina. Funga kitambaa chenye rangi ya kuonekana kwenye mpini.

Vitu vya thamani, dawa, chaja na nguo ya baridi vikae nawe. Moshi ya usiku si Mbezi ya mchana.

Siku ya safari, kabla ya getini

Hesabu muda wa kufika Mbezi kana kwamba barabara ya Morogoro ina tatizo, kwa sababu mara nyingi linakuwapo. Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Kigamboni akitegemea daladala ya kwanza kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi anacheza bahati nasibu. Ni afadhali alale kwa ndugu wa Kimara, au apatane na dereva wa bajaji au teksi tangu jana yake kwa bei iliyokwisha kutajwa. Weka noti ndogo na sarafu za 200 na 500 kwenye mfuko wa mbele, kwani utalipa choo, utalipa maji, na huenda anayekusindikiza akatakiwa kulipia kuingia, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa na chenji ya noti ya elfu kumi alfajiri.

Mkiwa na mzee au watoto, mtu mmoja abaki na watoto na mizigo mahali pamoja panapojulikana, mwingine aende kulitafuta basi. Familia inayotembea yote kwa pamoja, kila mmoja na begi lake, katikati ya watu wanaokwenda kinyume, ndiyo inayopoteza mtoto, au mzigo, au vyote kwa zamu.

Wapiga debe

Sehemu hii nairefusha makusudi, maana ndiyo inayowachosha watu kuliko safari yenyewe. Mara tu unaposhuka kwenye gari, watakuja vijana watatu au wanne kwa pamoja. Mmoja atauliza, “Moshi, Arusha, mama? Gari ya mwisho hiyo, inatoka sasa hivi!” Wa pili atakuwa ameshashika mpini wa begi: “Lete mzigo, mama mdogo, nikusaidie.” Wa tatu atasema basi uliloulizia limeharibika, au limejaa, au limeshaondoka. Wote hao hulipwa kwa kichwa cha abiria wanayemfikisha, na hawana kosa la kuamka alfajiri kutafuta riziki. Kosa ni lako ukiwaruhusu wakuamulie.

Kwa hiyo usisimame. Sema, “Asante kaka, nina tiketi,” mara moja, kwa sauti ya kawaida, na uendelee kutembea ukiwa umeshika begi lako mwenyewe. Usitaje unakokwenda wala jina la basi lako, kwa sababu kila jibu unalotoa huzaa swali lingine. Ukihitaji mchukuzi, mchague wewe, mwenye sare au kitambulisho, mpatane bei kabla hajagusa mzigo, mtaje kwamba ni bei ya mabegi yote na si ya begi moja, kisha tembea nyuma yake na si mbele yake. Habari kwamba basi lako limeharibika ithibitishwe na ofisi ya kampuni yenyewe au kwa namba ya simu iliyo kwenye tiketi, na si na mtu mwingine yeyote.

Aliyefika bila tiketi ana kazi kubwa zaidi, lakini haijashindikana. Katika siku hizi LATRA huwa inatoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, kwa hiyo si kila gari usilolijua ni la wizi. Liangalie kwanza gari lenyewe kabla ya kutoa pesa: lina bango la njia, lina dereva, lina tairi zenye meno? Kisha watazame walio ndani. Wakati mwingine nusu ya wanaoonekana wameketi ni watu wa stendi waliowekwa ili gari lionekane limejaa. Utawatambua kwa kutokuwa na hata kimfuko mapajani, na kwa jinsi wanavyoongea na kondakta kama majirani. Injini inayounguruma si ushahidi wa kuondoka. Usilipe mpaka umeiona siti na kuikalia, na uliza waziwazi kama gari linafika Moshi lenyewe au mtafaulishwa njiani, kwa sababu abiria wa kufaulishwa hushushwa Chalinze au Segera na kupandishwa kwenye gari jingine, ambako siti yake aliyoilipia haimsubiri.

Ukidhulumiwa, usipigane. Ondoka na tiketi yako na picha ya namba ya usajili ya gari, uende kwa maofisa wa LATRA au askari wa usalama barabarani, ambao msimu huo hukagua mabasi stendini kabla hayajatoka. Malalamiko yenye namba, tarehe na risiti husikilizwa. Malalamiko yenye hasira peke yake huambiwa yasubiri.

Ndani ya basi na njiani

Hakikisha umeliona begi lako likiingia kwenye buti na umepewa kipande chenye namba, kisha kaa. Ukikuta mtu kwenye siti yako, usimwondoe wewe. Mwite kondakta, mwoneshe tiketi, na umwachie kazi hiyo. Huenda huyo mzee ameuziwa siti hiyo hiyo bila yeye kujua. Basi likiwa kwenye foleni ya kutoka getini, funga dirisha au weka simu chini, kwani hapo ndipo mkono wa nje huingia na simu ikatoka.

Basi likisimama kwa chakula, mara nyingi Korogwe, utatangaziwa dakika chache ambazo hazitoshi kula wali kwa amani. Nenda chooni kwanza, chakula baadaye, na kabla ya kuondoka mlangoni ipige picha namba ya gari, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na mabasi matatu ya rangi ile ile yaliyosimama pamoja. Chakula cha nyumbani kilichofungwa vizuri, viazi, mayai ya kuchemsha, chapati, ni nafuu zaidi na hakina foleni. Samaki wa kukaanga waachie wanaosafiri na gari lao wenyewe.

Dereva akikimbia kupita kiasi, abiria wanayo haki ya kusema. Anza na kondakta, na asiposikiliza, tumia namba za kutolea taarifa ambazo mabasi mengi huzibandika ndani. Ni vyema azungumze mtu mzima mmoja kwa utulivu kuliko basi zima kupiga kelele.

Kama huendi Moshi mjini bali Marangu au Rombo, mweleze kondakta tangu mnapakia mizigo kwamba unashukia Himo, ili begi lako lisizikwe chini ya mizigo ya watu wa Arusha. Na mkumbushe tena mkipita Mwanga.

Asiyetaka haya yote anaweza kufikiria treni ya Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Haiendi kila siku na mwendo wake ni wa taratibu, ila mtu huweza kunyoosha miguu. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, humfaa anayekwenda Morogoro au Dodoma, mradi awe na kitambulisho na afike mapema.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ile ile unapokata ya kwenda. Januari shule zinafunguliwa na ofisi zinaita, na wale wote waliopanda kwa wiki mbili hutaka kushuka kwa siku tatu.