Sikiliza Torati Ukikanda Challah ya Rosh Hashana

Usiku wa kuamkia siku ya kupika mimi hupakua kwenye simu darasa la Torati lililorekodiwa, kisha simu naiweka rafuni, mbali na mvuke. Kabla ya Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, huchagua darasa la fungu la Torati liitwalo Nitzavim, linalosomwa Sabato inayotangulia sikukuu. Kukanda unga wa challah (mkate wa Kiyahudi wa sikukuu) na kumenya karoti za tzimmes (mchuzi mtamu wa karoti) kunataka darasa refu, lisilo na haraka.

Lakini ukifika kwenye mayai, nyamazisha darasa. Vunja moja moja kwenye glasi, ulitazame kama lina tone la damu. Mikono yangu ikijaa unga, binti yangu ndiye hubonyeza simu. Nyamazisha tena unapotenga kipande cha unga wa challah, kama desturi ya Kiyahudi inavyotaka, na kusema baraka. Hapo masikio ni ya baraka tu. Zima simu kabla ya kuwasha mishumaa, dakika 18 kabla ya machweo.